Ukurasa wa tatuu umedukuliwa na wateja wameyeyuka: kijana wa Mwanga, Kigoma, aanzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 26, nachora tatuu hapa Mwanga, Kigoma, huu ni mwaka wa tatu. Nina chumba kimoja nyuma ya saluni ya kiume. Wateja wote nilikuwa nawategemea kupitia ukurasa wangu wa Instagram, ulikuwa na wafuasi elfu nne na kitu. Mwezi wa tatu mtu akaudukua, picha zote zikaenda, na namba za wateja pia maana zilikuwa humo humo. Sasa napata mteja mmoja kwa wiki, wiki nyingine hakuna kabisa. Sitaki tena riziki yangu ikae mikononi mwa mtandao. Nifanyeje nijulikane hapa hapa nilipo? Na je, nikishusha bei iwe nusu, itasaidia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kazi ya miaka mitatu kupotea usiku mmoja inauma. Nilichora tatuu hapo hapo Mwanga kwa miaka tisa kabla sijahamia Tabora, kwa hiyo mtaa unaouzungumzia naujua kwa miguu.

Kabla ya yote, chukua kalamu na karatasi ujibu hili: kati ya wale wafuasi elfu nne, wangapi walikaa kwenye kiti chako? Mimi niliwahi kujihesabia hivyo na jibu likanishtua. Waliokuwa wakinisifu walikuwa Dar, Nairobi na Bujumbura. Waliokuwa wakinilipa walikuwa wameiona kazi yangu kwenye mkono wa mtu: kwenye foleni ya benki, uwanjani, kwenye kibanda umiza wakati wa mechi. Tatuu haifungwi kwenye boksi ikapakiwa basi. Mtu lazima aje mwenyewe, akae, avumilie sindano saa mbili, alipe. Soko lako ni watu wanaoweza kukufikia kwa bodaboda au kwa boti, na watu hao wanaonana kila siku. Ulichopoteza kinauma, lakini tangazo lako kubwa halikuwa kwenye ule ukurasa. Linatembea mitaani sasa hivi, kwenye ngozi za watu uliowachora, na wewe hujalitumia.

Tangazo ninalolisema ni tatuu iliyopona. Ile ya siku ya kwanza inang'aa, imevimba kidogo, weusi wake umekolea, kila mtu anaipenda kwenye picha. Baada ya mwezi ndipo ukweli unapoonekana: mstari umebaki mwembamba au umetawanyika, kivuli kimekaa au kimeacha mabaka. Jirani, mchumba, bosi na shemeji wataiona hiyo ya baada ya mwezi kwa miaka mingi. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka ulianze wiki hii ni kumrudisha kila mteja kati ya wiki ya tano na ya sita. Mwambie tangu mwanzo kwamba bei aliyolipa ni ya safari mbili: leo kuchora, na siku ile kuangalia na kujazia palipoachia, bila kulipa tena.

Siku hiyo ya pili ndiyo yenye thamani. Siku ya kwanza mteja ana maumivu na bado anajiuliza kama amefanya sawa, ukimwomba akuletee rafiki unamsumbua. Wiki ya tano amekwishasifiwa. Mpige picha kwa ridhaa yake, halafu muulize taratibu: "Nani amekuuliza umechorwa wapi?" Sijawahi kukutana na mteja ambaye hakuulizwa na mtu hata mmoja. Mpe kadi mbili za kuwapelekea hao aliowataja, usimpe ishirini za kugawa ovyo. Kadi inayopelekwa kwa mtu aliyekwisha kuuliza ina uzito.

Picha zenyewe sasa uzichapishe kwenye karatasi. Nenda studio ya picha, uzisafishe, uziweke kwenye albamu ya mifuko ya plastiki. Kila tatuu picha mbili, ya siku ile na ya baada ya kupona, zikae ubavu kwa ubavu. Nakala nyingine ya picha iwe kwenye kadi ya kumbukumbu iliyofungiwa nyumbani, asije mtu akakufilisi mara ya pili. Albamu hii ina kazi moja ambayo simu haiwezi kukufanyia. Mteja wa Kigoma anakuja na picha aliyoipakua, tatuu ya rangi za maua kwenye ngozi nyeupe, anataka hiyo hiyo. Wewe unajua kwamba wino unakaa chini ya rangi ya ngozi yetu, na kwamba njano na waridi hafifu hufifia zikipona kwenye ngozi nyeusi, wakati mstari mweusi ulioshiba, ulioachiwa nafasi ya ngozi kupumua katikati, unabaki kusomeka miaka kumi. Ukimweleza kwa mdomo atadhani huwezi kuchora rangi. Mfungulie albamu aone kwa macho yake ngozi kama yake, iliyopona. Wengi hubadilisha mawazo hapo hapo, na wakitoka wanakwenda kusema, "yule jamaa anaijua ngozi yetu." Sentensi hiyo moja ikizunguka mitaa ya Gungu na Buzebazeba itakulisha.

Kuna karatasi nyingine ya bei ndogo kabisa ambayo mafundi wengi hawaipi uzito: maelezo ya kutunza kidonda. Kata karatasi ya kawaida vipande vinne, uandike kwa Kiswahili chepesi: osha kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusisha tu, paka mafuta kidogo sana, usikune, usibandue magamba, usioge ziwani wala kuloweka mpaka ngozi imefunga kabisa, wiki mbili hadi nne, na ukiona wekundu unaosambaa, usaha au homa nenda hospitali mara moja. Chini weka jina la kazi, namba ya simu na tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo inakaa nyumbani kwa mtu mwezi mzima, inasomwa na mama, na mama akiisoma anaona kwamba mtoto wake hakuchezewa.

Kuhusu namba za wateja: daftari la kawaida, lenye mistari. Jina, namba, alichochorwa, tarehe ya kurudi, na safu moja yenye swali "Nani kakuleta?" Omba ruhusa kabla ya kuandika namba ya mtu na umweleze utaitumia kwa nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata ingekuwa haipo, mtu anayekuvulia shati anastahili heshima hiyo. Kwa daftari hilo utatuma ujumbe wa kawaida wa simu, ule usiohitaji bando: kumkumbusha tarehe ya kurudi, na labda mara moja kwa miezi mitatu kumjulisha michoro mipya. Usizidishe. Ile safu ya nani kakuleta ndiyo itakayokuonyesha, baada ya miezi mitatu, pa kuweka nguvu na pa kuacha.

Sasa mtaani. Una bahati ya kuwa nyuma ya saluni, na kinyozi ndiye mshirika wako wa kwanza, kwa sababu anaona shingo na mikono ya vijana siku nzima na maneno yake yanaaminiwa. Mwachie albamu moja kwenye benchi la kusubiria. Muwekeane kamisheni inayoeleweka, iandikwe, ilipwe siku hiyo hiyo mteja alipolipa. Ukichelewesha elfu tano ya kinyozi mara mbili, amekwisha kukusahau. Kisha tafuta vinyozi wengine wawili, mmoja Gungu na mmoja Ujiji, watatu wanatosha. Bodaboda nao wanafaa, ila usiwape vipeperushi, vitaishia kufutia viti. Chagua kijiwe kimoja, washonee reflekta zenye jina lako mgongoni na mchoro mmoja safi. Abiria anaukodolea macho mgongo ule kutoka Mwanga hadi Kibirizi.

Lakini kama ningeambiwa nikuachie wazo moja tu, lingekuwa hili: chora mbao kabla ya ngozi. Wewe ni mchoraji, na mji wako umejaa vitu vinavyotaka kuchorwa. Boti za mbao zinapakwa rangi na kuandikwa majina. Saluni zinahitaji ukuta wenye vichwa vilivyonyolewa. Bajaji zinataka maneno mgongoni. Chukua kazi hizo kwa bei ya kawaida, uzifanye kwa mkono ule ule unaoufanyia ngozi, na pembeni uandike jina lako kwa herufi ndogo. Boti moja iliyochorwa vizuri itapita vijiji vingi vya ziwa kuliko utakavyopita wewe maisha yako yote. Na mtu anayesitasita kukupa mkono wake hasiti kukupa ubao. Akiona ulivyounyoosha mstari kwenye mbao iliyojaa mafundo, woga unapungua. Mimi wateja wangu wa kwanza wa Katonga walinipata kwa jina la boti, si kwa tatuu. Gari la matangazo lenye spika nakushauri uliache. Redio za hapo mkoani, ukipata nafasi, usinunue tangazo, omba dakika za kuzungumzia usalama wa kuchora mwili, watu watapiga simu wenyewe.

Ziwa letu, Tanganyika, lina kalenda yake na nataka uishike, kwa sababu mtandao ulikusahaulisha kuiangalia. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, na taa zinavuta dagaa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, na kwa kama wiki moja boti nyingi zinapumzika ufukweni. Siku hizo za mbalamwezi ndizo wenye pesa ya giza lililopita wako nchi kavu, wananyoa, wananunua nguo, wana muda. Wewe uwe na nafasi siku hizo, na uonekane Kibirizi, boti zinakotia nanga. Ila hapa uwe mkweli: wiki moja haitoshi ngozi kupona. Mvuvi anayerudi majini baada ya siku saba, mikono ikilowa usiku kucha na kamba zikimsugua, tatuu ya mkono wa mbele itaharibika na inaweza kuingia wadudu. Mshauri achore bega au mgongo wa juu, tena kama anaweza kukaa nchi kavu zaidi. Kama hawezi, mwambie asubiri.

Kwa watu hao nilibuni kudunduliza. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana. Wakati kama huo ngozi ya mvuvi ni kavu lakini mfuko nao umekauka. Basi anayetaka tatuu kubwa mwandikie kadi, alete kidogo kidogo kila giza linapomjalia, na kipindi cha kufungwa kikitangazwa akae kwenye kiti akiwa amekwisha kulipa. Atapona bila haraka. Pesa ya kadi uiweke mbali na pesa ya matumizi, maana siyo yako mpaka umechora.

Wageni wanaokwenda hifadhi za Gombe na Mahale wengi wanapita Kigoma. Usiwakamate wakienda. Watapanda milima, watatoka jasho, watajitupa ziwani, na tatuu yako itaharibikia huko. Acha kadi mapokezi kwenye hoteli na kwa waongozaji, iandikwe wazi kwamba unawapokea wakirudi. Maneno hayo peke yake yanamwonyesha mgeni kwamba anashughulika na fundi.

Naja kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, nalo wengi hawalioni kama utangazaji. Kwenye mji wa ukubwa wa Kigoma jina linajengwa na kazi ulizozikataa. Miaka yangu ya mwanzo nilimchora kijana mmoja jina la mama yake, mkononi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Sikumuuliza chochote. Mwaka uliofuata aliomba polisi, na matangazo ya ajira za Jeshi la Polisi yanasema mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Alirudishwa. Baba yake alikuja dukani, hakunitukana, alikaa tu kwenye benchi akaniangalia. Nilipoteza mtaa mzima, na nilistahili. Kigoma ina vijana wengi wanaoota kazi za majeshi, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Bulombora iko hapo hapo mkoani. Basi kila kijana muulize kabla hujawasha mashine: "Unafikiria kuomba jeshi au polisi?" Akisema ndiyo, au akisita, mrudishe nyumbani na nauli yake. Aliye chini ya miaka 18 usimguse, hata akija na mjomba, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto. Mzazi akisikia ulimkatalia mwanawe, atakutetea mahali ambapo wewe huwezi kufika.

Muulize pia kila mteja kuhusu makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Ngozi zetu nyeusi zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuyapata. Mwangalie alipotoboa masikio, alipochanjwa begani. Ukiona uvimbe wa namna hiyo, mweleze kwa upole kwamba humchori, na sababu yake. Anayetaka kufunika kovu la ajali au la moto, lisubiriwe likomae, angalau mwaka. Hiyo ya kufunika, pamoja na kufunika majina ya wapenzi waliokwisha kuachana, ni kazi nzuri sana kwako: waliotulizwa moyo husimulia.

Sindano ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho ya mteja, kila mtu na yake, na kikombe chake cha wino. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na kuchemsha vifaa kwenye sufuria hakutoshi. Ongea na kituo cha afya kilicho karibu kuhusu kuteketeza sindano zilizotumika, ununue sanduku la kuzihifadhia. Liweke mahali linapoonekana. Hakuna bango litakalokutangaza kuliko lile sanduku la njano kwenye meza safi.

Ujiji, nenda kwa adabu. Ni mji wa zamani wa Waislamu, na wazee wengi watakuambia tatuu ni haramu. Usibishane nao, usitundike picha za miili barabarani karibu na msikiti, usimtafute mteja mwenyewe barabarani pale, kinyozi wako anatosha. Anayetaka atavuka mwenyewe kuja Mwanga. Bango lako liwe na jina, mchoro mmoja na namba. Manispaa uwaulize ada ya bango kabla hujalitundika. Akina dada wanaochora hina na piko kwa maharusi nao uwaheshimu kama mafundi wenzako: kuna mabinti wanaotaka kuona mchoro mkononi kwanza kabla ya kuamua la kudumu, wapeleke kwao. Ila piko nyeusi ya kupaka nywele inawaunguza baadhi ya watu, kwa hiyo mpeleke kwa anayechora hina halisi.

Na michoro yenyewe iwe ya mtu wa ziwa. Simba na waridi viko kila mahali. Watabwa, jirani zetu wa upande wa kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, walikuwa wakichanja miilini na kuchonga kwenye vinyago safu za pembetatu wanazoziita balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mpya. Sikiliza neno lenyewe, unalielewa bila mkalimani. Ichore kuzunguka mkono kwa wino mweusi uone inavyokaa kwenye ngozi yetu. Ila mwambie mteja ilikotoka. Chora Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Wana-Kigoma wanaokwenda kuishi mbali watakulipia hiyo kwa machozi. Chora mgebuka, samaki wa ziwa letu, kama anavyoonekana akitoka majini. Panga michoro kumi ya namna hii kwenye karatasi moja kubwa, kila mmoja na bei yake, uibandike saluni.

Mwisho umeuliza kuhusu kushusha bei iwe nusu. Hapana. Piga hesabu nami: tuseme tatuu ndogo unatoza 40,000, na sindano, glavu, wino, karatasi na dawa vinakula 12,000. Inabaki 28,000. Ukitoza 20,000 inabaki 8,000, kwa hiyo utahitaji wateja zaidi ya watatu kupata ulichokuwa ukipata kwa mmoja, na utaanza kutamani kuirudia sindano. Acha bei ilipo. Badala yake chagua Jumamosi moja ya mbalamwezi kila mwezi, iwe siku ya michoro midogo ya ile karatasi tu, bei moja, anayewahi ndiye anayepata, watu sita basi. Leo hii mwambie kinyozi wako itakuwa Jumamosi ipi, aanze kuwaambia watu.